Jiwe la Mvua Lililopewa Nchi Moja

Sikuota. Sikuwa na homa, na tangu asubuhi sikuwa nimeonja kitu isipokuwa chai ya rangi. Natanguliza hili kwa sababu najua utakavyoniangalia nikifika katikati. Ningesikia haya kutoka kwa mtu mwingine, hata mimi ningecheka. Lakini yalinipata mimi, mchana kweupe, kwenye barabara ya vumbi kati ya Midia na Koboko, na niamini, ningetoa kila nilicho nacho ili yasiwe kweli.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya muda katika ofisi ndogo ya urithi mjini Arua. Jumba moja la makumbusho huko Ulaya lilikuwa limekubali kurudisha baadhi ya vitu vilivyochukuliwa kwetu zamani, nami nilitumwa vijijini kutafuta kila kitu kilitoka kwa nani. Nilipewa picha na fomu. Picha ya nne ilikuwa ya jiwe jeupe, laini, la ukubwa wa yai la bata, lenye namba iliyoandikwa kwa wino mweusi. Chini yake kulikuwa na maneno mawili tu: "Jiwe. Afrika."

Nililitambua papo hapo. Lilikuwa la ukoo wa mama yangu.

Sisi Wakakwa tulikuwa na watu wa mvua, walioiita inyeshe. Walikuwa na mawe, jike na dume, yaliyokaa pamoja ndani ya chungu na kupakwa mafuta ya simsim, yaani ufuta, ili yasikauke. Jiwe lilitoka kwenye mkono uliopakwa mafuta na kuingia kwenye mkono mwingine uliopakwa mafuta, mwenyewe akiwa hai. Akifa hajalikabidhi, basi, kazi ya ukoo imekwisha na jiwe linabaki jiwe. Mjomba wangu alilipokea jike akiwa kijana mdogo, na siku chache baadaye ofisa wa kizungu akalichukua. Dume lilivuka mto Kaya mikononi mwa kaka yake, tulipokimbia vita, na huyo kaka hakurudi tena. Leo watoto wake wana vitambulisho vya Sudani Kusini. Sisi tuna vya Uganda. Bibi yetu ni mmoja.

Nilimkuta mjomba kitandani, Midia, mwembamba kama mwiko. Nje, mahindi yalikuwa yamesimama yamekauka kabla ya kuzaa. Nilipomwonyesha picha, aliishika kwa mikono miwili.

"Mutoto ya dada yangu," alisema, "mimi iko nangoja hii tu. Lete haraka. Nikiweka kwa mkono ya Asunta, nakufa vizuri."

Asunta, binti yake, akacheka kutoka mlangoni. "Baba, wewe nakufa kila siku ya soko, na jioni naomba nyama!"

Tulicheka wote. Lakini aliponisindikiza hakuwa anacheka tena. "Usiku pumzi yake inapotea," aliniambia. "Fanya haraka, ndugu yangu." Akanipa chupa ya mafuta ya simsim nimpelekee mama.

Saa nane hivi pikipiki ya ofisi ilipata pancha. Hapakuwa na nyumba karibu. Nilikuwa nimechutama kando ya gurudumu nilipomwona mwanamke anakuja kutoka upande wa mto. Kila hatua yake ilitoa sauti ya kitu kigumu kinachokwaruzana na kitu kigumu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ngozi yake ya kijivu, kama udongo wa bwawa lililokauka. Nikadhani ni mkimbizi aliyetembea siku nyingi.

"Kijana, iko na mafuta?"

"Ya pikipiki?"

"Ya kupaka. Mimi nakauka."

Ungefanya nini? Nilimmiminia mkononi. Ngozi yake iliyanywa kabla hajayasambaza. Nikammiminia tena, yakaenda vilevile. Akanigeuzia mgongo. "Na huku nyuma. Mkono yangu haifiki."

Nikampaka shingoni, na hapo ndipo nilipoiona. Namba. Wino mweusi, mwandiko wa kizungu, saba yake imelala upande. Niliisugua kwa kidole gumba.

"Ile haitoki," alisema. "Nimejaribu."

"Mama, wewe ni nani?"

"Picha yangu iko kwa mfuko yako, na wewe naniuliza?"

Nilitaka kukimbia, nakuapia. Badala yake nilimmiminia tena. Akakaa chini mavumbini, mbele yangu, akaniuliza kwa upole, kama mama anayeuliza mtoto amekula nini shuleni: "Wewe naandika mimi ni mutu ya wapi?"

"Wa hapa. Uganda."

"Na bwana yangu? Yeye iko ngambo ya Kaya. Yeye ni ya nani?"

Nilitoa fomu, nikautazama mstari wa nchi ya asili.

"Andika watu," alisema. "Andika ile mikono yote ilinishika, ya huku na ya ngambo. Usiandike inchi. Ukiandika inchi, inchi itanichukua, na inchi haina mkono."

Nilimwahidi. Kwa mdomo wangu huu, nilimwahidi.

Honi ikalia nyuma yangu. Lori la kutoka Oraba, mpakani, lilikuwa limepunguza mwendo, na dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Wee bosi! Unapaka nani mafuta? Shetani?" Akaondoka akicheka. Nilipogeuka, mbele yangu hapakuwa na mtu. Chupa ilikuwa tupu, na kwenye vumbi hapakuwa na hata tone moja.

Arua niliandika kama nilivyoagizwa. Majina kumi na moja, ya huku na ya ng'ambo. Mkuu wangu alisoma, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya.

"Mstari ni mmoja, mwanangu. Nchi ya asili. Ukiweka haya yote, wale wa Ulaya watasema wenye jiwe wasuluhishane kwanza. Jiwe litakaa kule miaka kumi. Mjomba wako ana miaka kumi?"

Nilifikiria ile pumzi inayopotea usiku. Nikachukua fomu mpya. Nchi ya asili: Uganda. Mmiliki: Taifa. Nikatia sahihi.

Na kweli lilikuja haraka. Paliimbwa wimbo wa taifa, picha zikapigwa, likawekwa ndani ya kioo katika chumba cha maonyesho hapo Arua. Niliomba lipelekwe Midia kwa siku moja. Nikaomba nusu siku. Nikaomba saa moja. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: mali ya taifa haiguswi.

Basi Asunta akamleta mjomba, amelala kiti cha nyuma cha gari la kuazima, mikono yake ikiwa tayari imepakwa mafuta. Tulimshika huku na huku mpaka kwenye kioo. Aliweka viganja vyake juu yake, Asunta akaweka vyake kando.

"Iko kavu," mjomba alisema. "Munaona? Fungua."

Mlinzi aliangalia viatu vyake. "Mzee, mimi sina funguo."

"Fungua, mutoto yangu."

Tulisimama hivyo mpaka saa ya kufunga. Alikata roho njiani, kabla ya kufika Koboko.

Asunta hanisalimu. Ndugu wa ng'ambo waliposikia nilichoandika, walituma neno kwamba tusiwahesabu tena kuwa ndugu. Niliacha kazi, lakini kila Jumatatu naenda kusimama mbele ya kile kioo. Jiwe limeanza kupasuka. Ufa umeanzia kwenye namba na unashuka, na kila nikienda umefika mbali zaidi. Nimewaambia. Wanasema ni mwanga wa taa. Usinicheke, ila mara mbili nimesikia, kutoka ndani ya kioo, sauti kavu ikiomba mafuta, na mlinzi pia ameisikia, kwa maana ameomba ahamishwe.

Wewe unayesoma haya, huenda siku moja utaletewa fomu kama ile, na mtu mwema atakuhimiza ujaze mstari mmoja. Usijaze. Andika majina ya watu, andika mpaka pembeni, geuza karatasi uandike nyuma. Na kabla hujatia sahihi, uliza funguo zitakaa kwa nani.