Kanisa Lililotolewa Ukuta

Germana hakuletwa kwetu Malambo na lori la mahindi, kama wanavyosema wengine. Aliletwa na upepo. Ulimkuta kule Olbalbal, lori liliposimama abiria wachimbe dawa, ukamwinua na mfuko wake wa maharage na Biblia yake, ukaja kumtua mbele ya boma langu akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Lori nalo lilifika, sikatai, lakini lilifika nyuma yake, likimtafuta.

Alikuwa Mwiraqw wa Mbulumbulu, kule juu Karatu, ambako ardhi ina rutuba kiasi kwamba mtu akisimama shambani kupiga soga anaanza kuota mizizi. Mwanamke mtu mzima, mrefu, mikono ya kushika jembe, hajaolewa. Nilimuuliza kwa nini, maana mimi huuliza. Akanijibu kwamba wote waliomchumbia walikuwa hawajui kuimba. Hilo la kutokuolewa uliweke mahali pazuri, tutarudi kulichukua.

Kanisa lao ndilo lililomtuma awe mwinjilisti, aanzishe usharika mahali ambapo haukuwapo. Na kweli haukuwapo. Palikuwapo migunga miwili. Basi kanisa la kwanza likawa hiyo migunga: wanaume walikaa chini ya mmoja, wanawake chini ya mwingine, kama tunavyokaa siku zote kwenye shughuli zetu, naye Germana akasimama katikati, juani, akiwageukia hawa, kisha akiwageukia wale, kama mtu anayechunga makundi mawili.

Kimaa chake, lugha yetu sisi Wamaasai, kilikuwa cha kuchekesha, ila aliimba. Alipoanza kuimba, fisi wa bonde zima waliona aibu, wakahamia Serengeti. Ukisikia fisi huku siku hizi, huyo ni mgeni.

Usidhani ulikuwa mchezo. Maji tuliyafuata mbali pamoja na punda, na Germana alibeba yake mgongoni kama sisi, kamba ikimkaa kwenye paji la uso. Ng'ombe wangu alimpiga teke alipojifunza kukamua, akaruka na kuangukia ndani ya boma la jirani, akawasalimu na kuwahubiria hukohuko, kwa kuwa ameshafika. Mbuzi akala Biblia yake kuanzia Mathayo hadi katikati ya Marko, ikabidi tuhubiriwe Luka mpaka ilipokuja nyingine kutoka Karatu. Yule mbuzi alikuwa mpole hadi siku ya mwisho wake.

Watu walimpenda. Kidogo kidogo chini ya mgunga wa wanaume pakajaa, na mbele ya wote alikaa Tobiko. Huyu Tobiko ni mume wa binti yangu Naipanoi, kwa hiyo ni mkwe wangu. Ni kiongozi wa rika lake. Yeye akikohoa, wenzake wote wanashika kifua. Alipoanza kuja kanisani, wenzake wakaja, na alipoanza kuimba sauti ya chini, wakaimba. Mimi kutoka kwenye mgunga wetu nilikuwa nikisikia sauti yake tu na kuona mgongo wake kwa mbali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa sikiliza jinsi baraka ilivyotaka kutumaliza.

Germana alikwenda kwao kula Krismasi. Jua la katikati ya migunga lilikuwa limemchoma na kumbabua hata mbwa wa nyumbani alimbwekea, na mama yake akamuuliza shida yake ni nini na anamtafuta nani. Watu wa Mbulumbulu wakaingiwa na huruma. Walipovuna ngano wakachangishana, wakanunua mabati, ili mwinjilisti wao na watu wake wakae kivulini, wote chini ya paa moja. Lori lilipopita juu ya kingo za kreta, mabati yalikuwa yakilia kwa kishindo hata tembo waliolala kule chini waliamka wakadhani mvua imefika.

Kanisa likajengwa. Mabati juu, mabati kuta zote, mabenchi, mlango mmoja kama wa kwao. Nje ikatundikwa ringi ya gari iwe kengele. Jumapili ya kwanza tuliingia tukiwa na shanga zetu zote, tukajaa. Germana akagonga ringi tena na tena, akachungulia nje. Wanaume walipita na ng'ombe, kila mmoja akitazama upande ambao hauna kanisa.

Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Na iliyofuata.

Sisi tuliokaa mle ndani tulijua sababu, hata watoto waliijua. Kwetu mwanamume haingii nyumba aliyomo mama mkwe wake wakakaa wakitazamana kama wachumba. Anamheshimu. Akija, mama anajitenga nyuma ya ukuta wa fito, wanazungumza kwa sauti bila kuonana. Na katika kijiji kidogo kama chetu, ambako watu wameoana hadi wameisha, kila mwanamume alikuwa na mama mkwe ndani ya lile kanisa. Chini ya migunga nafasi ilitosha. Chini ya bati moja, mlango mmoja, mabenchi yanayogusana, mwanamume angeketi wapi?

Utasema, kwa nini hatukumwambia. Mtu haendi kwa mgeni akaanza kumweleza habari za mkwe wake. Ni kama kumweleza ulichovaa ndani. Pia tulidhani anajua. Huko Mbulumbulu hakuna mama wakwe? Wapo, tena wanaheshimiwa, ila Germana hakuwahi kuwa na mama mkwe wake mwenyewe. Unaona sasa lile la kutokuolewa lilikuwa la kazi gani.

Basi akaenda boma kwa boma kuwauliza wanaume wenyewe. Mmoja akamwambia ng'ombe wamepotea, mwingine mguu unamuuma, mwingine anamngoja mgeni kutoka Loliondo. Kwa hesabu ya visingizio vile, Malambo hapakuwa na ng'ombe aliyejulikana alipo wala mguu mzima, na Loliondo nzima ilikuwa njiani inakuja. Germana akadhani mahubiri yake ni marefu, akayafupisha. Akadhani ni mafupi, akayarefusha. Akapika wali na maharage, harufu ikawafikia wanaume huko malishoni, wakameza mate na kukaa hukohuko. Akakonda hadi kivuli chake kikawa kinajifunga kamba kiunoni.

Ndipo Mchungaji Martini, mkubwa wake aliyeko Karatu, akapiga simu. Alisema kwa upole, si mtu mbaya, lakini alisema. Kanisa la wanawake watupu halitasimama. Jumapili ijayo atakuja mwenyewe, na akikuta hali ni ileile, mabati yatang'olewa yarudi Mbulumbulu, ambako kuna kanisa linavuja, na Germana arudi nayo.

Siku iliyofuata asubuhi Germana alikuja kwangu na sufuria yake kubwa. Alitaka kuniachia. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

Nikamwambia weka chini hiyo sufuria, unywe chai. Wakati maziwa yanachemka nilitoka nje nikamwambia Naipanoi amwite mumewe haraka, ndama wangu mwekundu hanyonyi. Yule ndama alikuwa ametoka tu kunyonya hadi tumbo linaburuzika. Naipanoi alinitazama, akaona macho yangu, akaenda bila kuuliza. Ni binti yangu.

Germana alikuwa hajafika nusu ya kikombe tuliposikia mtu anakohoa nje. Nikamshika mkono, mkono wenye kikombe, nikamvuta hadi nyuma ya ukuta wa fito, kwenye kizizi cha ndama kilichomo ndani ya nyumba. Tukachuchumaa gizani. Ndama alifurahi kupata wageni, akaanza kumlamba Germana nywele.

"Koko," akaninong'oneza, maana kwetu bibi huitwa hivyo, "tunamkimbia nani?"

"Hatukimbii. Tunaheshimu. Huyo ni mkwe."

Tobiko aliingia, nikasikia anakaa kwenye kigoda. Yeye huniita Paker, nami humwita Paker, kwa sababu ya kondoo niliyepewa naye alipomchukua binti yangu. "Paker," akasema, "ndama anaendeleaje?"

"Amepona, Paker."

"Amepona saa ngapi?"

"Ulipokohoa."

Akaguna. Amenizoea. Ulimi wa ndama ulimpita Germana sikioni, hakuusogeza. Nilimwona anautazama ule ukuta wa fito, kisha mimi, kisha ukuta.

"Na kanisani, Koko?" akaniuliza polepole.

"Kanisani hakuna kizizi cha ndama."

Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mwili mzima, chai ikammwagikia ndama, na Tobiko kule upande wa pili akauliza kuna nani humo.

"Ni mimi, Tobiko," Germana akasema. "Mwinjilisti."

Kigoda cha Tobiko kikalia. "Mwinjilisti unafanya nini na ndama?"

"Najifunza. Tobiko, kanisani kungekuwa na ukuta kama huu, ungeingia?"

Mwanamume wa heshima hawezi kulijibu swali hilo mama mkwe wake akiwa palepale anasikia. Alisimama, nikasikia anachukua fimbo yake. Alipofika mlangoni akasema, kama mtu anayesema na ng'ombe, kwamba yeye anakwenda korongoni, na kwamba huko kuna fito nzuri zilizonyooka.

Wiki ile sitaisahau hata nikizikwa. Germana alipanda juu ya ngazi na nyundo, akang'oa mabati ya ukuta mmoja mzima, ukuta wa mawio. Kila msumari uliotoka ulilia hadi kule mlima Ol Doinyo Lengai ukadhani unaitwa, ukatoa moshi kidogo kuitikia. Mabati yale tukayapandisha juu ya nguzo kwa nje, yakawa kibaraza. Tobiko na wenzake wakaleta fito, wakazibwaga, wakaondoka, kwa kuwa kujenga nyumba kwetu ni kazi ya wanawake. Tukazichomeka mahali pale ulipokuwa ukuta, zikafika urefu wa kumficha mtu aliyekaa, tukazikandika kwa samadi ya ng'ombe. Mwisho wa ukuta, mbele, tukaacha nafasi ya mwinjilisti kusimama, awaone wa huku na wa kule. Germana alikandika pamoja nasi, samadi hadi kwenye kiwiko, na aliimba kwa nguvu hata upande wake ulikauka kabla ya yetu.

Ila bado hatukujua kama wanaume watakuja. Fito si ahadi. Jumamosi Germana hakula kitu.

Jumapili gari la Mchungaji Martini likaja na vumbi lake, na nyuma yake likaja lori tupu. Hilo lori Germana aliliona kabla ya kumwona mchungaji. Mchungaji akashuka, akalizunguka kanisa, akasimama upande wa mawio.

"Germana," akasema, "ukuta umeibiwa?"

"Haujaibiwa, Mchungaji. Uko pale juu, unangoja vichwa vya wanaume."

"Na wenye vichwa wako wapi?"

Germana akachukua nyundo ya kengele. Akaenda kuigonga ringi. Sisi wanawake tulikuwa tumeshakaa ndani, na mimi mbele kabisa. Kutoka pale nilipokaa kibaraza sikukiona. Niliona uso wa Germana tu, amesimama kwenye nafasi yake mwisho wa fito, akitazama nje. Akagonga, akangoja. Akagonga tena. Binti yangu Naipanoi alinishika goti.

Halafu nikasikia kikohozi.

Mkono wa Germana wenye nyundo ya kengele ulishuka taratibu. Kisha nikasikia kigoda kinawekwa chini, na kingine, na vingine tena, na fimbo zinaegemezwa kwenye bati, na wazee wanaulizana habari za mvua kana kwamba kanisani ni mahali walipokuwa wakija siku zote na leo wamechelewa kidogo. Sauti ya Tobiko ikaanza wimbo, ile ya chini, na paa lote likatetemeka. Dereva wa lori alizima injini, akaja kukaa nao.

Mchungaji Martini akataka kuingia aketi kwetu, mbele, penye kiti chenye kitambaa. Nikamwuliza kama ameoa. Akasema ameoa. Nikamwambia basi ni mkwe wa watu, mahali pake ni kule nje. Alinitazama, akamtazama Germana. Germana akatikisa kichwa kukubali. Mchungaji akabeba kiti chake mwenyewe na kitambaa chake, akazunguka, na nasikia walimpisha vizuri.

Ibada ikaendelea. Akabariki nyumba kutoka kule kibarazani, na sijui kama kwao inaruhusiwa, lakini baraka iliupita ukuta wetu bila shida, nikaisikia imenifikia. Ilipofika sala, watu wote wameinama, nikahisi kitu cha joto kinanilamba shingoni. Ndama wangu mwekundu alikuwa amekata kamba, akafuata sauti ya mkwe, akapita katikati ya wanaume wanaosali, akaingia kwa nafasi ile ya mbele, nyuma ya Germana. Kutoka kwangu akaenda moja kwa moja hadi kwenye nywele za mwinjilisti, aliyekuwa amepiga magoti.

Germana akafumbua jicho moja, akanitafuta. Uso ulikuwa umemjaa machozi na mate ya ndama, na alikuwa akicheka bila kutoa sauti.

"Koko," akaninong'oneza, amina ikiwa bado haijafika, "sasa kizizi kipo."

Sufuria yake nilimrudishia siku hiyohiyo. Ilihitajika kwa wali.