Minazi ya Shangazi Ukingoni mwa Wami

Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya Mto Wami, kwenye njia ya kwenda Mkange, na siku kaka yangu alipoanza kulisifu nilijua anataka kuliuza. Kabla ya hapo hakuwahi kulisifu. Alikuwa karani Dar es Salaam, mtu wa suruali iliyonyooka kwa pasi, na kila alipolazimika kwenda huko alirudi akilalamika: mbu, tope, viboko waliomaliza mpunga. Sasa, baba yetu hajatimiza hata mwaka kaburini, akawa anakaa sebuleni kwangu Bagamoyo, anakunywa chai yangu, anasema kwamba mto ule haukauki kiangazi, kwamba nyasi zake zinafika kifuani, kwamba wapo watu wanaotoka Ulaya kwa ndege kuja kutazama viboko tu. Aliwazungumzia viboko wale kama mbuzi aliowafuga mwenyewe. Nilimuuliza kama wameacha kula mpunga. Akacheka, akasema mimi sioni mbali.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na pwani yote watu walikuwa na wasiwasi juu ya ardhi. Ilisemwa kwamba pori lisilolimwa litachukuliwa. Nani alisema, hakuna aliyejua, lakini kaka aliushikilia uvumi ule kama ameambiwa sikioni. Bora tupate chochote, alisema, kuliko kuamka siku moja tukakuta hatuna. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo mirathi ilikuwa yetu sisi wawili, yeye mafungu mawili na mimi moja. Sikuwa na hamu ya kuuza. Wala sikuwa na nguvu za kulima ng'ambo ya mto nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine ameshika kanga. Nilikuwa na swali moja tu, nikamuuliza siku ile ile: na shangazi je?

Shangazi alikuwa dada yake baba. Aliachwa na mumewe angali kijana, bila mtoto, akarudi kwa kaka yake, na baba, ambaye ndiye aliyelifyeka pori lile, akamwambia apande minazi. Asiyekulia pwani hataona uzito wa neno hilo. Kwetu ardhi ni mali na mti ni mali nyingine. Mwenye ardhi anaweza kumwachia mtu alime muhogo na kunde, na msimu ujao akamwambia basi. Lakini akimruhusu apande mnazi, amekwisha kumpa mahali pa kuishi. Mnazi ni wa aliyeupanda, hata ardhi ibadilishe mwenyewe mara ngapi, na mwenye mnazi hafungiwi njia ya kuufikia, wala hafukuzwi chini yake. Shangazi alipanda minazi safu kwa safu kandokando ya mto, akajenga nyumba yake ya udongo katikati, akaishi hapo utu uzima wake wote. Kila shina alilichonga alama yake, mikato miwili iliyopishana. Nyumba ile haikuwa na kufuli. Aliyekuwa akipita njia ya Mkange alipewa maji, na kama jua limekuchwa alipewa mkeka.

"Shangazi haguswi," kaka aliniambia. "Tunauza ardhi. Minazi ni yake na itabaki yake. Nani asiyelijua hilo?"

Aliamini alichosema. Hapo ndipo hasira yangu juu yake inapokosa pa kukaa, hata leo. Angekuwa amedanganya ningemchukia nikapumzika.

Mnunuzi alikuwa mzungu mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge bara, mtu wa makamo, shingo nyekundu, asiye na makelele. Alitaka mahali pa kulisha ng'ombe penye maji ya mwaka mzima, na juu ya hayo alitaka nyumba yenye baraza pana, ili rafiki zake wa Dar es Salaam waje Jumamosi wavue samaki, wawinde kidogo, wakae wautazame mto. Siku ya kuonyeshwa mipaka kaka alitangulia mbele na viatu vyake vya mjini, akionyesha kwa kidole: hapa malisho, hapa pa kupiga hema, kule wanakunywa wanyama wa mwitu, pofu na kuro, asubuhi. Habari za pofu na kuro alikuwa amezipata jana yake kwa shangazi. Mzungu alitikisa kichwa tu. Alipofika ukingoni akasimama muda mrefu, na nikaona machoni mwake kwamba ameshapapenda, na kwamba sasa hapana wa kuizuia biashara ile.

Ndipo shangazi akatoka. Alikuwa amevaa kanga mpya na kushika panga la kukatia madafu. Alimsalimu yule mgeni taratibu, akaulizia safari yake na watu wa kwake, kisha akamwambia, "Twende, baba, ukaione minazi yangu."

Akamchukua mnazi kwa mnazi. Kila walipofika kwenye shina, aliweka kiganja juu ya alama, akangoja mpaka na yule mzungu naye aweke chake, ndipo wakasogea. Mzungu alivua kofia. Hakuharakisha, hakutazama saa. Walipomaliza safu ya mwisho shangazi akamkatia dafu, akampa kwa mikono miwili, naye akalinywa lote amesimama.

Nilikuwa nyuma yao, na nilishusha pumzi. Hivyo ndivyo jambo lile linavyofanywa kwetu. Mwenye ardhi mpya huzungushwa na mwenye miti, huwekeshwa mkono, na akinywa cha mti ule kutoka mkononi mwa mwenyewe, amekiri mbele ya watu kwamba miti si yake. Baada ya hapo hakuna tena la kubishana. Nilimtazama kaka, naye alikuwa akitabasamu. Tulirudi mjini tumeridhika, na mauzo yakakamilika kwa sheria za huko maofisini.

Masika yakapita. Siku moja adhuhuri lori la mkaa likasimama mbele ya nyumba yangu, na shangazi akateremka na mkeka wake, kibuyu chake na mbuzi ya kukunia nazi. Sikuelewa. Nilimuamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kizingiti.

"Wameikata," alisema. "Yote ya mbele."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na siku ile ile nikampelekea kaka ujumbe aje. Tulikwenda pamoja mpaka mtoni. Pale palipokuwa na minazi na ile nyumba ya udongo palikuwa na visiki na anga. Nyumba ya mzungu ilikuwa imeshaanza kupanda, baraza lake limeelekea majini, na sasa kutoka barazani mto ulionekana wote, pamoja na viboko. Ng'ombe walikuwa wakilisha penye mpunga wa zamani. Nataka kusema kwamba palikuwa pabaya, lakini palipendeza, na hilo lilizidi kuniuma.

Mzungu alipotuona alifurahi, kisha tulipomweleza akabadilika rangi. Alisema Kiswahili cha mashambani, lakini alisema pole pole na tulimwelewa.

"Yule mama aliiaga," alisema. "Aliiaga miti yake, mmoja mmoja. Mimi nilisimama pamoja naye. Niliwaambia rafiki zangu habari ile."

Kumbe siku ile nzima, huku sisi tukiona mtu anakiri, yeye aliona kikongwe anaiaga minazi yake. Kwa sheria yao kilichoota juu ya ardhi kinakwenda na ardhi, na hakuwahi kusikia kwamba mahali popote duniani ni vingine. Alikuwa amevua kofia kama avuavyo mtu msibani.

Hakutubishia. Alisema atalipa, hapo hapo, tena vizuri kuliko bei ya mnazi mjini. Safu ya nyuma ilikuwa haijakatwa, akasema haitakatwa, mama aje achume akitaka, siku yoyote. Alisema anaweza hata kumjengea chumba cha saruji karibu na nyumba za vibarua. Alisema yote hayo akimtazama kaka usoni. Angekuwa mtu mwovu ningejua la kufanya, maana mdomo ninao. Kwa huyu ulikaa bure.

Kaka alirudi kwa shangazi amejaa matumaini. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikipokea, mwanangu, nitakuwa nimeuza," alisema. "Na mimi sikuuza kitu."

"Lakini minazi imeshakatwa, shangazi. Imekwisha."

"Basi na wabaki na deni."

Kaka akasema huo ni ukaidi wa kizee. Nami nikamwambia kaka maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wanangu wakisoma. Tulikaa muda mrefu bila kutembeleana, ndugu wawili tu wa tumbo moja, na shida yenyewe ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa anamlilia mtu yule yule.

Mfungo ulipokaribia, shangazi akasema anataka nazi zake za safu ya nyuma. Nilifurahi. Nilidhani akizichuma, akaziuza, akala za kwake, kidogo moyo wake utatulia. Tukapanda lori, tukavuka mto kwa mtumbwi, tukaifuata njia ile ile. Ilikuwa imezibwa kwa seng'enge, na katikati palikuwa na geti la mbao, na penye geti alikaa mlinzi, mtu wa Mkange ambaye utotoni mwake alikunywa maji kwa shangazi mara nyingi kuliko kwao.

"Shikamoo, bibi," alisema, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuchuma."

Mlinzi alitazama chini. "Sawa, bibi. Ila ni amri, kila mtu, kwa ajili ya hawa ng'ombe. Piga hodi kwanza, bwana aitikie, nikufungulie."

Nilitaka kumjibu, shangazi akanishika mkono. Ujue kwamba kwenye njia ile, maisha yake yote, hodi zilikuwa zikipigwa na wengine. Wapita njia, wavuvi wa Saadani na samaki wao wakavu, wawindaji, wagonjwa wanaopelekwa mjini: wote walipiga hodi kwa mbali, na shangazi, hata akiwa ameinama jikoni na moshi machoni, aliitikia karibu kabla hawajalimaliza neno. Sasa alisimama nje ya seng'enge, akakohoa kidogo kama mtu mwenye haya.

"Hodi," alisema.

Mzungu alitoka barazani mbio mbio, uso wote furaha, mikono ameinyoosha. "Karibu, mama, karibu sana," alisema, na alimaanisha. Mlinzi akalifungua geti. Nilikuwa nimeshaweka mguu ndani.

"Ahsante, baba," shangazi akasema. "Tulikuwa tunapita tu."

Akageuka. Nilimfuata mpaka mtoni nikimsihi, nikimwambia nazi zile ni zake, mzungu mwenyewe amekiri ni zake. Kwenye mtumbwi aliketi ameupa mgongo ukingo ule.

Tangu hapo akaishi kwangu. Alinisaidia kulea, alikuna nazi za kununua, alizoea majirani. Jambo moja tu hakulifanya. Mtu akipiga hodi mlangoni, hata kama mimi niko uani kwenye ufuaji na yeye ameketi pale pale nyuma ya pazia, hakuitikia. Aliniita: "Itikia, una mgeni." Nilimwambia mara nyingi, hapa ni kwako shangazi, itikia tu. Alisema sawa, na kesho yake ikawa vile vile.

Ufugaji ule haukufika mbali. Ndorobo, wale nzi wenye maradhi, waliwauma wale ng'ombe mpaka wakabaki ngozi na mbavu, na mmoja mmoja wakafa. Sisi tulikuwa hatufugi ng'ombe pale, na si kwa kusahau, lakini hakuna aliyetuuliza. Kisha likaja Azimio, serikali ikaanza kutwaa mashamba makubwa, wenyewe wakaanza kufungasha, na yule mzungu naye akaondoka. Seng'enge ikaibwa kipande kipande, baraza likaota majani.

Ndipo kaka akaja. Nilikuwa uani, nikasikia hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kimya, maana mtu mwenye adabu haongezi ya nne. Nilipotoka mbele mikono ikichuruzika maji, shangazi ameketi mkekani, na kaka nilimdaka akiwa ameshafika kona. Nilimrudisha. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwanza. Alikaa mbele ya shangazi, akamuamkia, akamshika miguu.

"Shangazi, nimekwenda mpaka serikalini," alisema. "Pale mahali pamebaki wazi. Hapana mtu. Safu ya nyuma bado imesimama, na anayetaka kuishi aishi. Nitakujengea mwenyewe, kwa mikono yangu. Unaweza kurudi hata kesho."

Shangazi alimtazama kwa upole kabisa. Nadhani alikwisha kumsamehe zamani.

"Nikifika, mwanangu," alimuuliza, "nipige hodi, au niitikie?"

Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua. Kaka akanitazama mimi, na mimi, ambaye sikosi neno, nikatazama mkeka. Shangazi alingoja jibu, akangoja kwa adabu, kisha akaivuta ile mbuzi ya nazi karibu na miguu yake akaendelea kukuna.