Kamba Bila Mbegu

Mimi maisha sikuazimwa na mtu. Niliondoka kijijini kwetu, ukingoni mwa Mnazi Bay, nikiwa na darasa la saba na begi la kitambaa, nikaenda Dar es Salaam kuosha vyombo kwenye kibanda cha mama lishe. Kibanda kile baadaye kikawa changu. Mchana nilipika wali na maharage, jioni nilikaa darasani na watoto wa umri wa kuwazaa. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata cheti, kisha stashahada ya ununuzi na ugavi. Naitaja stashahada hiyo kila nikipata nafasi. Wanaochoka kuisikia wajue kwamba ada yake ilitoka kwenye sufuria zangu.

Niliporudi nilijenga nyumba ya bati la rangi ya damu ya mzee, yenye vigae mpaka chooni. Magomeni, mjini Mtwara, nina vyumba vya kupangisha. Nayasema haya mapema ili msomaji asinidhanie kuwa ni mtu wa kukinga mkono barabarani. Nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa sababu najua kazi inavyofanywa, nikawatazama watu wanaolipwa mshahara kuifanya wakiiharibu mbele ya macho yangu.

Kilimo cha mwani nilikikuta kwa mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu. Yeye na wanawake wenzake walikuwa na kamba zao pale ufukweni kwa miaka mingi, kila mmoja kivyake, na kila mmoja akipunjwa kivyake. Mimi ndiye niliyewaweka kwenye kikundi, nikawafungulia akaunti benki, nikawafundisha kupima kilo kabla mzani wa wakala haujafika. Nikawa katibu, maana nani mwingine angekuwa?

Kwa asiyejua, shamba la mwani ni vigingi vilivyochomekwa mchangani, na kamba zilizovutwa kutoka kigingi hadi kigingi. Kwenye kamba tunafunga vipande vya mbegu. Na mbegu yenyewe haina punje. Ni kichane cha mwani ulio hai. Unavuna, unachagua vichane vichanga, unavifunga tena siku ileile wakati maji yamekupwa. Huwezi kuitia kwenye debe ukaiweka darini mpaka mwakani. Ikikauka imekufa. Kwa hiyo hata kama hakuna mnunuzi mmoja duniani, mkulima wa mwani lazima aingie majini akate, afunge, aondoe uchafu, awafukuze samaki aina ya tasi wanaoula. Akikaa nyumbani, mbegu inapotea, na ikipotea amerudi sifuri.

Korona ilipokuja, huku kwetu hatukufungiwa ndani. Watu walienda sokoni, msikitini, hata kwenye ngoma za unyago. Lakini mwani wetu hauliwi Mtwara. Ukishakaushwa unakwenda ng'ambo, na ng'ambo kulikuwa kumefungwa. Wakala wa mnunuzi alikuja mara moja, akachungulia ghala letu, akasema, "Msikaushe tena mpaka nipige simu." Hakupiga. Magunia yalirundikana mpaka mlangoni, mvua ikapenya, yakaanza kuoza.

Ndipo mtendaji wa kijiji alipotangaza mkutanoni kwamba kuna fedha za kuwashika mkono wakulima waliopoteza soko kwa sababu ya ugonjwa ule. Sikusubiri mtu anifafanulie. Niliandika maombi kwa mkono wangu, Kiswahili safi, hesabu safi. Hatukuomba fedha za kula. Tulijua kaskazi ikiingia, maji ya kina kifupi yanapata moto kama ya kumkandia mzazi, mwani unageuka mweupe na kukatika vipande. Dawa yake ni kuuhamishia kwenye kina kirefu kabla joto halijaanza, kwenye kamba zinazoelea. Kazi hiyo inataka kukodi boti ya mashine, kununua maboya na nanga. Tuliomba hayo tu, ili mbegu ivuke kaskazi.

Mjini, ofisi ya kilimo wakaniambia mwani ni mambo ya bahari, niende uvuvi. Uvuvi wakaniuliza nina chombo gani na nyavu za macho mangapi. Nikarudi kilimo, nikaweka nakala ya stashahada yangu juu ya meza, nikawaambia sitatoka mpaka waamue kama mimi ni samaki au mkulima. Walicheka, lakini maombi wakayapokea. Watakuja kukagua shamba, wakasema.

Afisa wa ukaguzi aliponipigia, nilimweleza vizuri. Njoo siku fulani, ni bamvua, saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekwenda mbali na shamba lote litakuwa wazi. Akasema sawa. Walifika saa tisa alasiri. Gari jeupe, dereva, kijana mwenye kishikwambi, na afisa mwenyewe, barakoa ikiwa imening'inia kidevuni. Sisi tulikuwa ufukweni tangu asubuhi, na maji yalikuwa yamejaa yakigusa mikoko.

"Shamba liko wapi?" afisa aliuliza.

"Hapo," mama mdogo akasema, akionyesha baharini.

"Hapo wapi, mama?"

"Hapo unapotazama, mwanangu. Limefunikwa."

"Limefunikwa na nini?"

Mama mdogo akanitazama mimi kwanza, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ameulizwa kweli. "Na bahari," akajibu.

Wanawake wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. "Mimi siwezi kuandika kwamba nimeona bahari. Natakiwa nipime, nipige picha, mkulima awe amesimama katikati ya shamba lake."

"Nikisimama humo sasa hivi utapiga picha ya kilemba," mama mdogo akasema.

Nikaingilia kati, kwa sauti ya ofisini. Nikamwambia maji yatakupwa tena saa nne usiku, au alale kijijini, nyumba yangu ina chumba cha wageni na neti, asubuhi aone kila kitu.

"Kesho tuko Kilambo," akasema. "Na posho ya huku ni ya siku moja."

"Basi rudi keshokutwa."

"Dada yangu, ratiba hazipangwi hivyo."

"Na bahari nayo haikupata ratiba yako," nikamwambia. "Nilikupa saa. Uliiandika."

Akatazama wanawake, ambao wengine walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko. "Halafu tuseme ukweli," akasema, "korona huku kwenu ilifika wapi? Mbona naona mko wazima, mnacheka tu?"

Hapo nikamshika mkono wa shati, mtu mzima na cheo chake, nikampeleka mpaka ghalani, nikafungua mlango. Harufu ikampiga usoni. Alipandisha ile barakoa haraka, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Imefika hapa," nikamwambia.

Aliondoka bila kuaga. Kijana wa kishikwambi alinyanyua mkono kidogo dirishani, na gari likapotea.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: ombi halikupita, shamba halikuonekana. Nilipanda basi nikaenda mjini nikapiga kelele mpaka mlinzi akaitwa. Wakaniambia nikate rufaa. Nikakata. Wakaniambia mfumo umefungwa, nisubiri ufunguliwe. Mimi nimesomea ununuzi. Najua kila idara ina mahali pa kusogeza jambo la dharura kwa sahihi moja. Niliwatajia kifungu kwa kifungu utaratibu wanaoweza kuutumia. Yule aliyekuwa mezani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wewe umeolewa?" Nikakusanya karatasi zangu nikatoka. Ningemjibu, ningelala mahabusu.

Wakati huo wanawake walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Huwezi kumwambia mtu mwenye watoto aingie majini kila bamvua kulea kitu kisichouzwa. Wengine wakaenda kuvuna chumvi, wengine kupalilia mikorosho ya watu, mmoja akaanza kukaanga samaki kituoni. Tulibaki mimi na mama mdogo, tukihudumia kamba za kikundi kizima. Mikono ilichanika. Sijawahi kumwona mama mdogo amechoka vile, na hata hivyo alikuwa akipita kwenye kamba za wale waliokwenda, anafunga, anawasema kwa majina yao kana kwamba wapo.

Kaskazi ikaingia. Nilitoa fedha zangu nikakodi mashine, nikanunua maboya niliyoweza, nikahamisha kamba nilizoweza. Niliamini nitaweza peke yangu. Mambo mengi niliyaweza peke yangu. Lakini nanga zilikuwa chache, mawimbi yakazisukuma kamba zikasuguana, na kilichosalia tasi wakakimaliza. Zile tulizoziacha kwenye kina kifupi ziliungua zote. Asubuhi moja tuliingia tukakuta kamba ya mwisho, mama mdogo akainyanyua, na mwani ukadondoka kutoka kwenye vifundo kama karatasi iliyoloa, mweupe.

Alikaa kwenye maji pale pale, maji ya magotini, na nguo zake zote.

"Mbegu hii hatujawahi kuinunua," akasema. "Tuliletewa mara moja, nikiwa na mimba ya mwanangu mkubwa. Tangu hapo tunakata, tunafunga. Ni ileile."

"Tutapata nyingine, mama."

"Najua tutapata nyingine. Nakwambia kuhusu hii."

Masika ilipokaribia kwisha, serikali ikatushika mkono. Rufaa yetu ilikuwa imekubaliwa, walisema, ila uamuzi ulikuwa kwamba wakulima wasipewe fedha taslimu, wapewe pembejeo. Wakaja na turubai, viti vya plastiki na spika. Wakashusha marobota ya kamba mpya na viatu vya mpira. Wanawake wote walikuja, hata waliokwenda kwenye chumvi. Afisa yule yule ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akaeleza kwamba fedha mkononi hushawishi matumizi mabaya, na kwamba sasa sisi ni mfano kwa ukanda mzima wa pwani. Kisha akamkaribisha katibu wa kikundi, msomi wetu, atoe neno la shukrani.

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa vizuri, mimi sitokei mbele za watu ovyo. Nikasema: "Kamba tumeziona. Kamba za zamani pia tunazo, hazijachakaa. Kilichokufa ni mbegu. Tuliomba kuiokoa ikiwa hai, na barua zote ninazo. Sasa naomba mbele ya wote mniambie, mbegu tunaipata wapi?"

Afisa alisogea, akainamia kipaza sauti kilichokuwa mkononi mwangu. "Hilo ni dogo, dada. Mbegu mtanunua kwenye maduka ya pembejeo."

Mama mdogo, bila kipaza sauti, akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Pakiti yake inauzwaje, mwanangu? Ya robo ipo?"

Kicheko kilichofuata kiliua hafla yao. Wakapiga picha haraka, wakakunja turubai. Sikucheka mimi. Nilikuwa natazama marobota yale na kuhesabu kichwani ni maboya mangapi na nanga ngapi zingetoka humo, kama fedha zake zingekuja miezi sita kabla.

Mpangaji wangu wa Magomeni ni mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka kanda ya ziwa. Nilimwomba anilipe kodi ya miezi sita mbele, akanielewa. Nikakodi pikapu, nikaenda pwani ya Lindi, ambako wakulima wenzangu walikuwa wamebakiwa na mbegu. Tuliisafirisha kwenye magunia yaliyoloweshwa, mama mdogo akiwa amekaa nyuma na madumu ya maji ya bahari, akimwagia njia nzima, akimgombeza dereva kila alipoingia shimoni. Tulifika bado ina rangi. Tuliigawa ufukweni kwa kila mwanamke aliyekuja, hata aliyekuwa ameondoka, na tukaanza kufunga kabla maji hayajarudi.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, simu yangu iliita. Alikuwa afisa. Amesikia tumeshapanda, akasema, hongera sana. Sasa anakamilisha taarifa ya utekelezaji, anaomba nimtumie picha mbili tatu za mwani mpya ukiwa kwenye kamba.

"Picha ya kamba nitakutumia," nikamwambia. "Marobota mawili hatujayafungua, yako kwangu sebuleni. Mbegu ni yangu, hiyo hutaiandika popote."

"Dada, mbona unachukulia mambo kibinafsi?"

Nikakata simu. Vidole vilikuwa na chumvi, kioo kikakataa mara mbili kabla hakijatii. Mnunuzi amerudi, ila mpaka leo anatupa bei ya kutukana, na kaskazi nyingine inakuja. Maboya nimeshaanza kununua, moja moja, kwa fedha zangu.