Nani Alikula Umeme wa Kundi

Siku ya kesi tulikuwepo hivi. Mimi mwenyewe. Mkwe wangu, yaani mama wa mume wa binti yangu, ambaye ndiye alikuwa mama presida, yaani mwenyekiti, wa kundi letu la wakulima. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mshika ufunguo wa stoo. Fundi kutoka Ruharo kule Mbarara, asiye ndugu wa mtu, ila ndiye aliyetufungia sola. Halafu wanakundi wengine, wanaume na bamama, tuliolima maharagwe shamba moja karibu na ziwa. Wote tulikimbia vita kutoka milima ile ile ya Kivu, na ukifuatilia vizuri kila mmoja ameoa ama ameozesha kwa mwingine. Majina yao ninayo kichwani, na ya baba zao. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu wao wanasoma.

Wakati ule nyaya za umeme zilifika Base Camp, kwenye maofisi ya kambi yetu ya wakimbizi. Kwetu hazikufika. Wazee wakasema kule nyumbani wakulima waliwahi kufunga dinamo kwenye kinu cha maji, wakawasha taa bila kungoja mtu. Hapa maji ni ya ziwa, yamelala, hayasukumi kitu. Lakini jua tunalo mingi. Basi mavuno ya msimu mmoja yakauzwa pamoja, watu wakaenda Mbarara, wakarudi na plaki ya sola, kile kioo cheusi kinachokunywa jua, pamoja na betri na ampuli za taa. Fundi akaiweka betri ndani ya stoo, plaki akailaza juu ya mabati, upande paa linaposhuka, fasi ambayo mtu akisimama juu ya kiti anaweza kupangusa vumbi.

Mwanzoni taa ziliwaka jioni mpaka sisi wenyewe tunachoka. Bamama tulichambua mbegu, kwaya ikaimba, watoto wakasoma. Kisha kiangazi kikaja, na taa zikaanza kufa mapema. Kwaya ikishika wimbo wa pili, giza. Hilo lilinishangaza sana: jua linaongezeka, mwanga unapungua.

Watu hawakuuliza hivyo. Waliuliza nani anakula. Mkwe ndiye alisema mbele ya wote: "Umeme hauna miguu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mdomo." Alitaka kusema kwamba shemeji anachaji simu za wafanyabiashara wa Base Camp mchana, tukiwa shambani.

Shemeji akajibu, "Mkwe, kama nimekula umeme, nionyeshe tumbo langu likiwaka."

Wachache walicheka. Ikaamuliwa fundi aje apime. Akikuta vyombo ni vizima, shemeji arudishe ufunguo na atoke kundini. Kutoka kundini ni kuacha shamba la ziwani, na yeye hakuwa na lingine isipokuwa kipande cha mawe nyuma ya nyumba, naye ana watoto wengi wa kulisha.

Mimi nilikuwa na swali langu. Shule niliacha nikiwa bado nahesabu kwa vijiti, na hakuna aliyenieleza nikaelewa jua linaingiaje ndani ya betri. Nikasema nitaangalia. Wenzangu walipokwenda shambani nikachukua ungo wa maharagwe, nikakaa ukutani kwa jirani, nikitazama stoo. Nilidhani labda kile kioo kitabadilika rangi.

Jua lilipopanda, mkwe alikuja na kikapu kichwani na kiti mkononi. Akapanda, akapangusa plaki kwa kitenge chake, polepole kama anaosha mtoto. Kisha akapanga mihogo juu yake, kipande kando ya kipande, mpaka weusi wote ukafunikwa.

"Mkwe, umekaa juani?" akanisalimu.

"Nachambua, mkwe."

"Fasi hii inakausha kuliko mwamba. Siku mbili tu muhogo unavunjika kama kuni, tayari kwa unga wa ugali."

Kabla ya watu kurudi akaja kuuanua, akapangusa tena. Ndiyo sababu wanaume walisifu plaki yetu kwa usafi.

Sikumwona mjinga. Kwetu, kuacha paa lenye joto likae tupu wakati wa kiangazi ni uvivu. Na mimi pia sikujua kama ni kosa. Nilifikiri labda muhogo unachukua joto na betri inachukua mwanga, kila mmoja anashiba. Tena mkwe haambiwi kosa lake mbele ya watu, na hata pembeni ni vigumu. Nikalitunza swali.

Siku ya kesi fundi alikuja na boda alasiri, muhogo umeshaanuliwa, wote tumekusanyika mbele ya stoo. Akagusa nyaya kwa kamashine kake ka kupimia. "Hii iko muzuri. Betri iko muzuri. Lakini haishibi. Mchana nani nakula?"

Macho yote yakaenda kwa shemeji. Mkwe akanyoosha mkono apokee ufunguo. Shemeji alikuwa ameshaanza kufungua ufunguo kwenye mkanda.

Nikamwambia fundi, "Mwanangu, nisamehe. Sola inakunywa joto ama inakunywa mwanga?"

"Mama, tuko kwenye kesi," mtu mmoja akanikaripia.

Lakini fundi alipenda kuulizwa, akaniita nyabo, yaani mama, kama wanavyosema kwao. "Mwanga, nyabo. Joto haina kazi."

"Na kitu kikilala juu yake?"

"Hata jani ya matoke tu, inakufa. Hapana weka kitu."

Mkono wa mkwe ulikuwa bado umenyooka. Akatazama paa, akatutazama.

"Hata muhogo?" akauliza.

"Muhogo gani, nyabo?"

"Wangu," akasema.

Akaeleza yote mwenyewe, bila kusukumwa. Kisha akaenda kwa shemeji, akamfunga ufunguo kwenye mkanda kwa mikono yake, jambo ambalo kwetu mkwe hafanyi. "Nilikuita mwizi," akasema. "Mwizi ni ugali wangu."

"Basi leo usiwashe taa, mkwe," shemeji akajibu. "Ugali utamulika."

Hapo kundi zima likacheka. Kesho yake mihogo ilihamia mwambani, na kwaya ikaimba mpaka sauti zikakauka. Baadaye wakulima wa vijiji vingine walikuja kutazama ili nao wanunue, na mkwe aliwapokea yeye mwenyewe, akaanza na habari ya muhogo kabla ya kuwaonyesha betri.

Mimi nakumbuka siku ile mkwe alicheka wa kwanza, shemeji wa pili. Shemeji alibisha kwamba ni yeye aliyetangulia. Tena huwa nasema sisi ndio tuliowasha taa za sola wa kwanza kambini; pengine kulikuwa na kundi lililowasha kabla yetu, sikusikia tu. Uliyekuwepo, kama nimekosea, nisahihishe, nami nitakushukuru.