Mlenda wa Mke Mwenza

Naitwa Mishi. Mimi na Mwajabu tunatenganishwa na ukuta mmoja tu hapa Chang'ombe, na wivu wake naujua kuliko mumewe anavyoujua. Simcheki. Uke wenza ni moto, na anayeuota kwa mbali asijifanye kujua unavyounguza.

Mumewe, Khalidi, anagawa zamu baina ya Mwajabu na mke mdogo, Stara, anayekaa Ipagala. Stara ni Mrangi wa Kondoa, mwembamba, anatembea upesi upesi. Mwajabu ni mtoto wa mjini, mnene, na magoti yamemgomea. Kutoka kitandani hadi jikoni anashika ukuta. Daktari alimwambia wazi kwamba goti la kulia halitapasuliwa mpaka apungue uzito. Kutembea hawezi, na vyakula vya bei hana uwezo navyo. Basi akaelekezwa akae kwenye kiti anyanyue mguu mmoja mmoja, aache mafuta, ale ugali mdogo wa uwele na mlenda, mboga ambayo hapa Dodoma hata maskini haikosi.

Mazoezi aliyafanya. Mlenda aliukataa.

"Hicho ni chakula cha Stara," aliniambia. "Mimi nifuate sufuria ya yule?"

Zamu yake ikifika, alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa akapika chapati za mafuta, nyama ya kukaanga, na wali uliokolea nazi. Khalidi alimega kidogo, akashukuru, akasema ameshiba. Kilichobaki alikimaliza Mwajabu, maana chakula hakitupwi. Mzani wa kliniki ukabaki palepale. Faraja yake ilikuwa moja, kwamba mumewe naye alizidi kukonda.

"Huko anashindishwa njaa," alisema kwa raha. "Mlenda na ugali mweusi, mwanaume mzima."

Siku moja nilikuwa kwake nimefuata mkaa, Khalidi akaingia kutoka kupima sukari. Ilikuwa imeshuka, na alikuwa na furaha ya mtoto.

"Umepewa dawa gani?" Mwajabu akauliza.

"Dawa wapi, mama Nasra. Stara ananipikia nilivyoagizwa na daktari."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Khalidi akaangalia chini. "Unapika kwa taabu na hayo magoti. Niliona vibaya kukukatalia."

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa muundaji alikuwa Stara. Nilitamani nisiwepo. Mume alipotoka, Mwajabu alilia kwa hasira mpaka kanga ikalowa.

"Kwake anakula chakula, Mishi," alisema. "Kwangu anakula huruma."

Zamu iliyofuata alinituma sokoni nikamletee unga wa mlenda. Alipika mwenyewe, bila tone la mafuta. Niliondoka Khalidi alipofika, lakini ukuta wetu haufichi kitu, na mimi sikuziba masikio.

"Umekuwa na madonge kidogo," nilimsikia Khalidi akisema, kwa upole wa mtu asiyejua anakanyaga wapi. "Stara huunyunyiza kidogo kidogo huku anakoroga."

Ningekuwa mimi, sufuria ingemfuata mlangoni.

"Mpigie," Mwajabu akasema, sauti imekauka. "Kesho aje anioneshe."

"Stara?"

"Mpigie kabla sijabadili mawazo. Nataka goti langu."

Kesho yake nilikuwepo Stara alipokuja na karanga alizotwanga mwenyewe, akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Mwajabu akajibu, na hilo nalo lilimgharimu. Maji yalikuwa yanachemka. Stara akakunja mikono ya gauni, akanyoosha mkono apokee mwiko. Mwajabu akauvuta mwiko kifuani kwake.

"Wewe niambie tu," alisema. "Leo bado ni zamu yangu."