Gatakaa na Ng'ombe Asiyetajwa

Gatakaa nilimjua kwa ngozi ya mbuzi. Mimi nilikuwa nikinunua ngozi vijijini na kuziweka ghalani Makutano. Alinionyesha mwenyewe tundu la kisu, kisha akakataa kushusha bei.

"Sasa Mbaabu, utanipunja kwa kusema ukweli?"

Nikalipa. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, akiishi kwenye shamba la marehemu mumewe chini ya macho ya shemeji yake, Kaburu.

Ng'ombe yule akaanguka akafa, damu ikimtoka puani. Kwetu ng'ombe wa hivyo hafukiwi. Huchunwa upesi kabla daktari wa mifugo hajasikia. Kaburu alichuna, na Nelius, binti mdogo wa Gatakaa, akamshikia mguu. Nyama ilienda kwa majirani. Ngozi nikaichukua mimi.

Siku chache baadaye Gatakaa alisimamisha pikapu yangu, Nelius mgongoni. Mkono wa mtoto ulikuwa umevimba hadi begani, na karibu na kiwiko palikuwa na kidonda cheusi kama makaa. Ajabu, hakikumuuma.

Nikawafikisha hospitalini Meru. Daktari Wanja alikibonyeza pembeni.

"Hakina usaha. Mama, ameshika mnyama aliyekufa?"

Kabla Gatakaa hajajibu, simu yake iliita. Kaburu alifoka hata mimi nikasikia: "Ukitaja ng'ombe tutashikwa sote! Na hapa usirudi!"

Gatakaa akanitazama. Nami nikatazama dirisha. Ngozi ile ilikuwa ghalani, katikati ya mali yangu yote.

"Mtoto alianguka tu," akasema.

"Kama alianguka, itabidi tupasue tuone ndani. Kama ni ugonjwa wa mnyama, kisu kitamdhuru mtoto. Niambie mama, nifanye lipi?"

Gatakaa aliweka kiganja juu ya paji la mtoto lililowaka homa.

"Ng'ombe wangu alikufa. Tukamla. Huyu alishika mguu."

"Kimeta," daktari akasema, akaagiza dawa ya mshipani. "Na ngozi iko wapi?"

"Si umuulize huyo anayehesabu vioo vya dirisha?"

Ghala langu lilichomwa lote kwa amri ya daktari wa mifugo, nami nikapewa vidonge vya kinga. Majirani walivimeza pia, wakimlaani Gatakaa kati ya funda na funda. Mifugo yao ikachanjwa.

Kaburu alitozwa faini, akabaki na shamba. Gatakaa amepanga chumba mtaa wa Dallas, mjini Embu, anauza sukuma wiki. Nelius ana kovu baya, na mkono unaokunjika na kubeba maji. Mimi siku hizi nanunua ndengu, si ngozi.