Verna na Wachechemeaji Wawili

Hebu mfikirie Verna Stordahl akiingia uani kwako kumwangalia farasi unayemuuza. Gari lake bovu linakohoa mara mbili kabla ya kuzima. Anashuka, mwanamke mfupi wa miaka sitini na moja, kofia imefifia kwa jua, na hakusalimii. Anaisalimia miguu ya farasi. Anainama, anapapasa kila goti na kila kwato, kisha anakwambia, "Mtembeze." Wewe unaanza kueleza jinsi mnyama alivyo mpole, jinsi alivyozaliwa kwa mama mwenye sifa. Naye, bila kukutazama, anasema, "Sijamuuliza mama yake. Mtembeze."

Bonde zima la Bitterroot tunamjua hivyo. Akija kununua, anakushuku. Akija kuuza, anakutajia kasoro za farasi wake mpaka unamwonea huruma farasi mwenyewe. "Huyu anaogopa mifuko ya plastiki. Huyu jino moja bovu. Huyu mzuri, ila ana roho mbaya siku za mvua." Watu walikuwa wakitoka mbali kununua kwake, kwa sababu neno lake lilikuwa kama msumari uliokwisha kugongwa.

Alikuwa na miaka kumi na saba alipouziwa jike mmoja mwekundu aliyekimbia vizuri ajabu. Kesho yake asubuhi yule jike hakuweza kuweka mguu chini. Muuzaji alikuwa amempa dawa ya kuua maumivu. Tangu hapo Verna hakumwamini mtu yeyote aliyetabasamu huku ameshika hatamu.

Kila kiangazi alisimamia farasi katika kambi ya watoto ya mzee Quade, kule juu penye misonobari. Watoto wanakuja wiki tatu, kila mmoja anapewa farasi wake, anamlisha, anamsugua, anasafisha banda lake. Miongoni mwa farasi hao alikuwapo Shemasi, dume mnene wa kijivu mwenye uso wa mtu anayekusanya sadaka. Shemasi akiliona tandiko tu, anaanza kuchechemea. Mwaka wake wa kwanza alimlaza mganga wa mifugo tumbo chini kwenye vumbi akitafuta ugonjwa. Verna ndiye aliyemgundua. Alikwenda mwisho wa uwanja, akatikisa ndoo ya shayiri. Shemasi akaja mbio kama mwanakondoo, miguu yote minne mizima.

"Anayejisingizia ugonjwa," Verna alituambia sisi wafanyakazi wa kambi jikoni siku hiyo, akipaka jemu kwenye mkate, "hatafutwi kwenye kidonda. Mtafute kwenye kitu kinachomsahaulisha."

Sasa, kiangazi ninachosimulia, aliletwa binti wa miaka kumi na tatu aitwaye Teagan Roush. Alikuwa mwanajimnastiki, wa kupita juu ya ile boriti nyembamba na kupinduka hewani. Majira ya baridi alianguka akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Alishuka garini amekivika mkanda mgumu mweusi, na mama yake akashuka nyuma yake akiwa amebeba mto, begi na wasiwasi wote.

Mama Teagan hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja zizini.

"Wewe ndiye Verna? Wanasema husemi uongo."

"Wanasema mengi."

"Daktari anasema mfupa umeunga tangu Aprili. Mtoto anasema bado unauma. Mashindano ya jimbo ni Septemba." Akapunguza sauti. "Sijui nimwamini nani. Wewe unajua mnyama akiumwa na asipoumwa. Mwangalie kwa ajili yangu. Nikija kumchukua nitakuuliza, nawe utaniambia."

"Mimi naangalia farasi."

"Basi mwangalie kama farasi."

Verna akampa Teagan yule Shemasi. Nadhani alijiambia kuwa wanafanana.

Kwa wiki nzima alimchungulia. Teagan hakushika sepetu, hakusukuma toroli la samadi, hakunyanyua ndoo. "Mkono," alikuwa akisema, na kuinua ule mkanda mweusi kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Wasichana wenzake hawakukawia.

"Jamani mpisheni Malkia wa Bandeji!" alipiga kelele Marlys, binti mwenye madoadoa aliyelala kitanda cha juu yake. "Malkia, leo nikuoshee na miguu?"

"Anza na ya kwako," Teagan akajibu. "Farasi wanalalamika."

Walicheka wote, hata Verna aligeukia ukuta kuficha kicheko. Lakini siku ya tano alimkuta Shemasi amesukwa mkia, msuko mwembamba uliokazwa kuanzia juu mpaka ncha. Msuko kama huo unataka mikono miwili, na yote miwili iwe na nguvu.

"Nani kamsuka huyu?"

"Marlys," Teagan akasema haraka.

Verna akamtazama Marlys akipita na nywele zake zimetimka kama kiota kilichopigwa na upepo. Teagan naye aliona alivyozitazama nywele hizo, na kuanzia hapo akawa anakaa mahali anapoweza kuona mlango.

"Wewe unanipeleleza," alimwambia Verna siku moja. "Mama kakutuma."

"Nakagua kwato."

"Kwato ziko kule."

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili, mchana mweupe, kambi nzima imeshuka mtoni. Verna alikuwa amejiuliza siku mbili: shayiri ya mtoto huyu ni nini? Akamwambia Teagan abaki peke yake kumwangalia Shemasi kwenye uwanja wa nyasi zilizokatwa karibuni, fupi na laini kama zulia. Yeye mwenyewe akaaga kwamba anakwenda mjini kuchukua misumari. Aliwasha gari, akalizima nyuma ya miti, akarudi kwa miguu mpaka chumba cha matandiko. Akaweka jicho kwenye ufa wa ukuta.

Teagan alikaa dakika kumi hivi. Akatazama barabara. Akatazama mtoni. Kisha akafungua ule mkanda kwa meno na kuutundika kwenye nguzo ya uzio.

Alianza kwa kupinduka kwa mikono na miguu kama gurudumu, mara moja, mara nne, mara saba. Akasimama kwa mikono, miguu imenyooka angani, akatembea hivyo hivyo uwanja mzima, uzito wote juu ya kile kifundo kilichokuwa kinauma. Na alikuwa anacheka peke yake. Shemasi akavutiwa, akaja mbio kumnusa nyayo, naye akasahau kuchechemea.

Verna akatoka.

Mtoto aliposhusha miguu chini, uso umemwiva kwa wekundu, alimkuta Verna mbele yake.

"Ulinitega," akasema.

"Nilikutega."

"Utamwambia."

"Ataniuliza."

Teagan akakaa kwenye nyasi. Verna, ambaye magoti yake hayapendi nyasi, akakaa pia.

"Chini niko sawa, Bi Verna. Umeona mwenyewe. Lakini juu ya boriti..." Alitafuta maneno. "Tangu nianguke, nikiruka, mwili unanipotea. Niko hewani na sijui sakafu iko upande gani. Nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu nusura nitue kwa shingo."

"Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe tu. Mama amenipeleka mazoezini kila siku tangu nina miaka minne. Theluji mpaka kiunoni, ananipeleka. Akisikia ni mkono, anasubiri mkono. Akisikia ni kichwa, atasema nijikaze. Kocha atasema nijikaze. Nami nitapanda, najijua."

"Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Nitamwambia. Nipe muda tu."

"Muda gani?"

"Sijui."

"Mimi sisemi uongo, mtoto."

"Najua. Ndiyo maana atakuamini."

Verna alituambia baadaye kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomnyima chakula. Hakuyapenda. Aliyageuza usiku na mchana kama anavyogeuza kwato, akitafuta jiwe. Je, ni hofu ya kweli, au ni mtoto amechoka mazoezi na ana akili kuliko Shemasi? Ukweli wote wa kifundo ulikuwa mkononi mwake. Ukweli wa hewani hakuwa nao. Hakuna mahali pa kupapasa.

Siku ya mwisho wazazi walikaa kwenye mabenchi, watoto wakapita na farasi wao. Teagan alipita na mkanda wake mweusi, mkono mmoja kwenye hatamu, amenyooka mgongo. Shemasi alichechemea mwendo wote, na watu wakapiga makofi ya huruma.

Mama Teagan alimkuta Verna akifungua tandiko.

"Basi niambie. Mkono mzima?"

Teagan alikuwa upande wa pili wa farasi. Miguu yake tu ndiyo ilionekana chini ya tumbo la Shemasi, haitikisiki.

"Bado," Verna akasema. "Ningekuwa wewe, nisingempandisha kwenye boriti mwaka huu."

Mama alifumba macho, akashusha pumzi. "Asante. Nilikuwa nimeanza kumshuku mtoto wangu."

Oktoba, majani ya miti yakiwa yamegeuka manjano, ilikuja barua. Mama Teagan aliandika kwamba wameghairi Septemba, kwamba mkanda bado uko mkononi, kwamba anamshukuru Mungu alimuuliza mtu mkweli. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine, mdogo: *Bado sijapata maneno. T.* Verna aliisoma akiwa amesimama, akaichomeka nyuma ya kioo cha chumba cha matandiko, maandishi yakitazama ukuta.

Wiki hiyo hiyo alikuja mwanamume kutoka Idaho kumtafutia binti yake farasi. Alipenda jike mmoja wa kahawia. Hakumpapasa mguu, hakuomba atembezwe.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima," Verna akasema.

"Nimesikia habari zako. Hiyo inanitosha."

Akampa mkono. Verna aliutazama ule mkono kidogo kabla ya kuupokea, kisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mnunuzi yeyote, akamwambia, "Mtembeze kwanza. Mwangalie mwenyewe."

Yule bwana alicheka, akadhani ni utani. Wewe je, ungemtembeza?